Namna ya Kuliandikia Jarida la Mazingira Ukiwa Mwandishi wa Kujitegemea Mombasa

Mwandishi wa kujitegemea anayeishi Mombasa ana mtaji ambao hakuununua. Kwa nauli ya matatu anaweza kufika kwenye mikoko ya hori ya Tudor, kwenye ufuo wa Nyali unaotazamana na hifadhi ya bahari iliyotengwa mwaka 1986, kwenye machimbo ya Bamburi yaliyoanza kupandwa mivinje mwaka 1971 hadi yakawa msitu, na kwenye jaa la Mwakirunge zinakoishia taka za mji. Pamoja na utajiri huo, mapendekezo ya makala kutoka huku hurudishwa mara kwa mara kwa sababu yanataja mada na hayaulizi swali. "Uchafuzi wa bahari katika Pwani ya Kenya" ni mada. Mhariri akiisoma hawezi kujua mwandishi atakwenda wapi, atazungumza na nani, wala msomaji ataambiwa nini ambacho hakukijua.

Makala nzuri ya mazingira, kwa maoni yangu, husimama juu ya swali moja linaloweza kujibiwa mahali pamoja, kwa ushahidi wa aina tatu unaokaguana: maneno ya watu wanaoishi na kufanya kazi mahali hapo, maarifa ya mtaalamu, na waraka au takwimu zilizoandikwa. Nauweka ushahidi wa wenyeji mwanzoni kwa makusudi. Katika makala nyingi mvuvi, mkata boriti na mama karanga, yaani mwanamke anayenunua samaki na kuwakaanga ili awauze, hutajwa ili walalamike tu katika aya ya kwanza, kisha mtaalamu huachiwa kazi yote ya kueleza. Jambo hilo huwanyima wenyeji haki yao, na tena humnyima mwandishi ushahidi ambao hawezi kuupata katika ripoti yoyote.

Kutafuta swali

Tuchukue mikoko, kwa kuwa ndiyo inayoandikwa zaidi na ndiyo inayoandikwa vibaya zaidi. "Upandaji wa mikoko Mombasa" bado ni mada. Swali ni hili: kati ya miche iliyopandwa katika hori ya Tudor miaka mitatu iliyopita, ni mingapi iliyo hai leo, na iliyokufa ilikufa kwa sababu gani? Swali hilo linaweza kujibiwa na mtu mmoja mwenye viatu vya kuingilia matopeni, daftari na subira, na jibu lake, liwe zuri au baya, litakuwa habari.

Ili uone kwa nini swali hilo lina uzito, ni lazima ujue namna msitu wa mikoko unavyojipanga. Pwani ya Kenya ina aina tisa za mikoko, na kila aina ina mahali pake kulingana na kina cha maji, chumvi na aina ya tope. Mlilana husimama mbele, ukikabiliana na bahari. Mkoko wenyewe, ule wenye mizizi ya kuning'inia, hufuata nyuma yake. Kisha mkandaa, na mchu huonekana sana upande wa nchi kavu ingawa waweza kuukuta mbele pia. Mche wa mkoko huota ukiwa bado juu ya mti, hudondoka ukiwa mrefu na tayari, na mtu yeyote anaweza kuuokota na kuuchomeka matopeni. Kwa sababu ya wepesi huo, mkoko hupandwa hata pasipo mahali pake, hasa mbele kabisa panapostahili mlilana, na huko mawimbi huung'oa au viumbe wa baharini wenye magamba magumu huuganda hadi ukalemewa. Miche ya mlilana na mchu huhitaji kitalu na uangalizi, na siku ya sherehe ya upandaji, wageni wakiwa wamejipanga kwa ajili ya picha, ni rahisi mno kuleta magunia ya mkoko.

Hesabu nayo hukusaidia kutafuta swali. Miche ikipandwa kwa nafasi ya mita moja kila upande, hekta moja huingia miche 10,000. Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba shirika lake limepanda miche milioni moja katika eneo fulani, tayari unajua kwamba anahitaji hekta 100 za kuipanda. Linganisha na mradi wa Mikoko Pamoja wa Gazi, kaunti ya Kwale, unaouza hati za hewa ya ukaa inayohifadhiwa na mikoko tangu mwaka 2013 na ambao eneo lake zima ni hekta 117. Linganisha pia na mpango wa kitaifa wa usimamizi wa mikoko wa mwaka 2017 hadi 2027, unaoipa Kenya hekta 61,271 za mikoko na kaunti ya Mombasa hekta 3,771. Hujamtuhumu mtu, umeuliza tu hekta hizo 100 ziko wapi, na pengine zipo, nawe utakwenda kuziona.

Mji huu umejaa maswali ya namna hiyo. Marufuku ya mifuko ya plastiki ilianza tarehe 28 Agosti 2017: wauza samaki wa Kongowea wanafungia nini leo, na kinaishia wapi? Katika mtaa wa Owino Uhuru, ambako kiwanda cha kuyeyusha betri kilisababisha watu kupata sumu ya risasi, Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa iliamuru mwaka 2020 kwamba wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 na mazingira yasafishwe. Mahakama ya Rufani ikatengua mwaka 2023, na Mahakama ya Juu ikairudisha fidia hiyo Desemba 2024. Wengi wameandika kuhusu kesi. Swali la udongo wenyewe, na mboga zinazopandwa juu yake, linahitaji mwandishi wa kulifuatilia mwaka baada ya mwaka.

Kumwandikia mhariri

Kabla ya kuandika pendekezo, soma matoleo kadhaa ya jarida unalolilenga, kuanzia jalada hadi ukurasa wa barua. Angalia urefu wa makala, angalia kama huanza na mtu au na tatizo, na angalia ni nani wanaoandika. Jarida kama Swara la East African Wild Life Society huandikwa kwa Kiingereza, na msomaji wake aweza kuwa hajawahi kuvuka kivuko cha Likoni, hivyo lazima umweleze mambo ambayo msomaji wa Kiswahili wa Pwani angechoka kuyasoma. Angalia pia jarida hutoka mara ngapi kwa mwaka. Jarida linalotoka kila baada ya miezi mitatu huanza kupangwa mapema sana, na mwandishi anayetaka kueleza shida za wavuvi wakati wa kusi, upepo unaovuma tangu Aprili hadi karibu Septemba na kuwazuia wenye vyombo vidogo kutoka nje ya miamba, hana budi kulipeleka pendekezo lake wakati kaskazi bado inavuma.

Pendekezo lenyewe liwe fupi, na ndani yake pawe na swali, mahali, watu, waraka, urefu, tarehe na sababu ya wewe kuwa ndiye mwandishi wake. Kwa swali letu la mikoko, lingeweza kuandikwa hivi:

"Kwako Mhariri. Vikundi vya wenyeji pamoja na kampuni vimekuwa vikipanda mikoko pembezoni mwa hori ya Tudor, na idadi ya miche iliyopandwa ndiyo hutangazwa kila mara. Napendekeza makala ya maneno 1,500 itakayojibu swali moja: kati ya miche hiyo ni mingapi iliyo hai, na iliyokufa ilikufa kwa nini? Nitahesabu miche katika maeneo mawili wakati wa bamvua, siku za maji kupwa sana. Nitazungumza na wanachama wa kikundi kilichoipanda, na wavuvi wanaotega dema karibu na hapo, na mtafiti wa mikoko. Kisha nitalinganisha nitakayoyaona na mpango wa kitaifa wa usimamizi wa mikoko. Nimekwisha kufika mahali hapo, na kikundi kimekubali kunipokea. Naweza kuileta makala pamoja na picha sita katika muda wa wiki nne tangu utakapoidhinisha. Naishi Mikindani, na nimeambatisha makala zangu mbili zilizokwisha kuchapishwa."

Tazama kwamba barua hiyo haikuahidi jibu. Mwandishi anayemwambia mhariri mapema kwamba miche yote imekufa amejifunga kwenye hitimisho asilolijua, na akikuta nusu iko hai atashawishika kuificha. Mhariri asipojibu kwa wiki mbili, mkumbushe mara moja kwa upole. Asipojibu tena, lipeleke pendekezo kwa jarida jingine. Usilipeleke kwa majarida mawili kwa wakati mmoja bila kuwaambia, kwa maana wahariri wa fani hii wanajuana.

Kwenda mahali penyewe

Ziara hupangwa kwa kufuata maji. Bamvua huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, na wakati huo tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa Mombasa hukaribia mita 4. Katika maji mafu, mwezi ukiwa nusu, bahari haiendi mbali, na ukingo wa mbele wa mikoko, pale miche inapokufa zaidi, hutauona vizuri. Siku za bamvua hapa petu maji hukupwa sana karibu saa nne au saa tano asubuhi, kisha kila siku huchelewa kwa takriban dakika 50. Pata jedwali la maji la Kilindini, fika saa moja kabla ya maji kukupwa kabisa, na usiingie matopeni bila mwenyeji, kwa sababu maji yakigeuka hujaza mifereji iliyo nyuma yako kabla hujayaona mbele yako.

Kuhesabu nako kuna adabu yake. Pima mraba wa mita kumi kwa kumi kwa kamba, hesabu miche iliyo hai na vijiti vilivyokufa, andika aina ya kila mmoja, kisha rudia katika sehemu nyingine ambayo hukuichagua kwa uzuri wala kwa ubaya wake. Andika tarehe, saa, na hali ya maji. Hesabu ya namna hiyo si utafiti wa kisayansi na usiiite hivyo katika makala. Ni ushahidi wa mtu aliyekwenda, akatazama na kueleza namna alivyotazama, na mtaalamu ataweza kukuambia inalingana au hailingani na alichokipima yeye.

Kisha keti na watu. Salimu kama inavyostahili, jitambulishe, taja jarida unaloliandikia, na ueleze kwamba maneno yao yatachapishwa. Epuka saa za swala, na mwezi wa Ramadhani usimwekee mtu miadi ya alasiri juani. Mtu mzima muite Mzee, Bwana, Mama au Bi, na katika makala umtaje kwa jina lake kamili kama alivyolitamka mwenyewe, akiwa ameridhia, na kwa kazi yake. "Mkazi mmoja" ni jina ambalo halimsaidii msomaji ila pale mtu anapohitaji kulindwa.

Maswali ndiyo yanayotenganisha ushahidi na malalamiko. Ukimuuliza mvuvi, "Je, mazingira yameharibika?" atakujibu ndiyo, na hutakuwa umepata chochote. Muulize alipoanza kazi alikuwa akitega dema wapi, na leo anatega wapi. Zamani alitoka saa ngapi na kurudi saa ngapi. Tafi wa siku hizi ana ukubwa gani mkononi mwake, na changu huonekana miezi gani. Mama karanga muulize zamani alinunua samaki wa pwani gani na sasa huletewa kutoka wapi, maana mkoba wake wa kununulia ni daftari la bahari. Watu wengi hawakumbuki miaka kwa tarakimu, kwa hiyo wapatie alama: kabla au baada ya mvua ya El Niño ya mwaka 1997 na 1998, kabla au baada ya daraja la Nyali la sasa kufunguliwa mwaka 1980, kabla au baada ya daraja la Makupa.

Alama hizo huzaa mambo makubwa. Mzee wa Port Reitz akikuambia kwamba mikoko ya upande wa Mwache ilikauka baada ya ile mvua kubwa, usiandike kwamba "anaamini" hivyo kana kwamba ni hekaya. Watafiti walilichunguza jambo hilo hilo na kueleza kwamba udongo mwingi ulioletwa na mafuriko ulifukia mizizi inayopumulia, miti ikafa. Ushahidi wa mzee na wa mtafiti vimekutana, na makala yako imepata uti wa mgongo. Visipokutana, pia ni habari: rudi kwa wote wawili na uwaulize juu ya tofauti hiyo, kila mmoja akijua mwenzake alivyosema.

Wataalamu na nyaraka

Mombasa haina uhaba wa wataalamu. Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya ina makao yake hapa, Mkomani. Shirika la Huduma za Misitu husimamia mikoko, na Shirika la Huduma za Wanyamapori husimamia hifadhi za bahari. Mamlaka ya mazingira, NEMA, na idara ya mazingira ya kaunti zina ofisi mjini. Andika barua yenye maswali manne au matano yaliyokamilika, kwa sababu mtaalamu aliyeombwa "mahojiano kuhusu mikoko" huahirisha, ilhali aliyeulizwa kama mkoko unaweza kuishi pale ulipopandwa hujibu. Mpelekee pia picha za mimea na samaki ulioambiwa majina yao na wenyeji, akupe majina ya kisayansi, kwa maana jina moja laweza kutumika kwa samaki tofauti Vanga na Lamu.

Kuhusu nyaraka, Katiba ya mwaka 2010 katika Kifungu cha 35 inampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na Kifungu cha 42 kinampa haki ya mazingira safi na yenye afya. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 inaitaka ofisi ya umma ikujibu ndani ya siku 21, na ndani ya saa 48 iwapo habari hiyo inahusu uhai au uhuru wa mtu. Andika ombi lako kwa maandishi, litaje jina la waraka unaoutaka, lipigwe muhuri wa kupokelewa, na nakala ubaki nayo. Ukinyimwa au ukinyamaziwa, malalamiko hupelekwa kwa Tume ya Haki ya Utawala. Ripoti za tathmini ya athari kwa mazingira, ambazo mradi mkubwa lazima uziandae kwa mujibu wa sheria ya mazingira ya mwaka 1999, ndizo zinazopuuzwa zaidi na waandishi, na ndizo zenye ahadi nyingi za kukaguliwa: mwenye mradi ameandika mwenyewe atapanda nini, atasafisha nini na lini. Hukumu za mahakama husomwa bure kwenye tovuti ya Kenya Law. Zisome zenyewe, usitegemee taarifa ya gazeti iliyozifupisha. Picha za setilaiti nazo hupatikana bila malipo, za Landsat tangu mwaka 1972 na za Sentinel-2 tangu mwaka 2015, na hizi za pili zinaonyesha kitu cha ukubwa wa mita 10, jambo linalotosha kuona kipande cha mikoko kikipungua.

Takwimu zinahitaji uangalifu wa pekee, kwa maana hapo ndipo makala nyingi za mazingira huvunjika. Ekari na hekta huchanganywa kila siku, ilhali hekta moja ni takriban ekari 2.47. Tani ya kaboni na tani ya hewa ya ukaa si kitu kimoja: tani moja ya kaboni ni sawa na tani 3.67 za hewa ya ukaa, na mradi unaotaja "tani" bila kusema za nini unaweza kuonekana mkubwa karibu mara nne au mdogo mara nne. Miche iliyopandwa si miti iliyopo. Na kila tarakimu utakayoiandika, andika pembeni katika daftari lako imetoka wapi, ukurasa gani, kwa sababu mhariri makini atakuuliza.

Kuandika

Anza na kitu unachokijua na msomaji anaweza kukiona. Sentensi kama "Mazingira ni uhai, na binadamu hawezi kuishi bila mazingira" imekwisha kusomwa mara elfu na haimtoi msomaji mahali alipo. Aya ya kwanza imwonyeshe mraba wa mita kumi kwa kumi, vijiti vingapi vimekauka na vingapi vina majani, na nani alivipanda. Aya ya pili au ya tatu iseme waziwazi swali la makala ni lipi. Baada ya hapo fuata mpangilio wa uchunguzi wenyewe: ulichokiona, walichosema wenyeji, alichosema mtaalamu, waraka unasema nini, na aliyehusika anajibu nini. Maelezo ya kisayansi yagawe, uyaweke pale msomaji anapoyahitaji. Habari ya mahali pa mlilana na mkoko, kwa mfano, ije baada ya msomaji kuona miche iliyokufa, wakati anapojiuliza kwa nini.

Maneno ya mvuvi yaache kama alivyoyasema, hata kama ni Kimvita au Kidigo kilichochanganyika na Kiswahili, na ufafanue neno gumu katika sentensi yako inayofuata. Akisema bahari "imekuwa jangwa", nukuu, kisha weka karibu yake alichokiona yeye mwenyewe, na idadi za mtafiti kama zipo. Jizuie kutumia lugha ya maafa pasipo maafa. Joto la bahari la mwaka 1998 liliua sehemu kubwa ya matumbawe ya Pwani yetu, na jambo hilo ni zito vya kutosha likielezwa kwa maneno ya kawaida. Nawasihi waandishi wenzangu pia wasiache nje jema walilolikuta. Ukikuta kipande ambacho kikundi kimepanda mchu na mlilana kwa mpango, miti ikafika kifuani, kipe nafasi sawa na kile kilichokufa, kwa kuwa ndicho kinachomfundisha msomaji nini cha kufanya.

Picha hupandisha thamani ya makala, na mara nyingi hulipwa peke yake. Piga mahali pale pale kwa mbali na kwa karibu, weka kitu cha kuonyesha ukubwa, na uandike maelezo ya kila picha siku hiyo hiyo. Usimpige mtoto picha bila idhini ya mzazi wake. Droni isirushwe bila kibali cha mamlaka ya usafiri wa anga, na maeneo ya bandari na ya jeshi la wanamaji yaepukwe kabisa.

Kujilinda na kulipwa

Ukimtaja mtu au kampuni kwa kosa, mpe nafasi ya kujibu kabla ya kuchapisha, kwa maandishi, ukimweleza tuhuma yenyewe na muda wa kutosha. Kosa la jinai la kashfa lilibatilishwa na Mahakama Kuu mwaka 2017, lakini kesi ya madai ya kashfa bado yaweza kukufilisi. Inapasa kufunguliwa ndani ya miezi 12, kwa hiyo rekodi na madaftari yako usiyatupe kabla ya muda huo, na ni vyema kuyaweka kwa miaka mingi zaidi. Kadi ya Baraza la Vyombo vya Habari hutolewa hata kwa wasiokuwa na mwajiri, nayo hufungua milango ya ofisi nyingi. Wanaoandika kuhusu hatari, kama vile utupaji wa kemikali au uchimbaji wa mchanga, wasiende peke yao, na mtu mmoja mjini ajue wamekwenda wapi na watarudi lini.

Malipo yajadiliwe kabla ya kazi kuanza. Uliza kama ni kwa neno au kwa makala nzima, kama kuna nauli na gharama ya kukodi mtumbwi, kama pesa hutolewa makala ikikubaliwa au ikichapishwa, na utalipwa nini iwapo makala iliyoagizwa haitatumika. Jambo moja la sheria halijulikani kwa wengi: Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 inachukulia kwamba hakimiliki ya kazi iliyoagizwa imehamia kwa aliyeiagiza, isipokuwa makubaliano yenu yaseme vinginevyo. Maana yake, usipoandika chochote, makala uliyoagizwa na jarida aghalabu si mali yako tena, na huwezi kuitafsiri ukaiuza kwingine. Kwa hiyo andika katika barua ya makubaliano kwamba unalipatia jarida haki ya kuchapisha kwa mara ya kwanza katika lugha fulani, na kwamba haki nyinginezo zinabaki kwako. Makala iliyotoka kwa Kiingereza unaweza hapo kuiandika upya kwa Kiswahili kwa wasomaji wa Pwani, ambao ndio wenye bahari hiyo, na kuwapelekea nakala wale waliokukaribisha kwao.

Toa ankara yenye jina lako, namba yako ya mlipa kodi ya KRA, kichwa cha makala, toleo na kiasi mlichokubaliana. Jarida la Kenya linaweza kukata asilimia 5 kama kodi ya zuio juu ya malipo ya huduma ya kitaalamu. Ikikatwa, dai cheti chake, kwa sababu utakihitaji unapojaza ritani yako ya mwaka kwenye iTax, mfumo wa kodi wa mtandaoni, kabla ya tarehe 30 Juni ili kiasi hicho kihesabiwe katika kodi yako.